Safu za Maji Matupu

Shangazi alinichagua mimi kutunza siri kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu anayeniamini. Aliyasema hayo bila kupepesa macho, tukiwa ndani ya banda la zana, kati ya majembe na magunia ya mbolea, na madumu mawili ya maji yasiyo na rangi yakiwa yametulia miguuni petu kama washtakiwa wanaomngoja hakimu.

"Shuleni wanakuitaje siku hizi?" aliuliza.

"Kasheshe, Shangazi."

"Na walimu?"

"Wao wananiita 'wewe tena'."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyezunguka maduka yote akitafuta kipuri na hatimaye amekiona. "Basi ni wewe. Umelelewa bwenini, unajua kuhojiwa na mwalimu wa zamu uso ukiwa mkavu kama ubao. Na hata siri ikikuponyoka, nani atakuamini? Ni sawa na kuizika."

Nilipokea heshima hiyo kwa unyenyekevu. Lazima niseme, kwa faida ya wasioijua familia yetu, kwamba sifa hii niliipata kwa jasho. Likizo iliyopita nilimpa Baba habari, kwa sauti ya msibani, kwamba mkaguzi wa vyoo wa serikali anapita nyumba kwa nyumba. Baba alipaka choo chokaa, akaweka maua ndani ya kopo, akavaa tai, akakaa mlangoni kumngoja. Mkaguzi hakuja, maana hakuwa amezaliwa. Mpaka leo choo chetu ndicho chumba cheupe kuliko vyote nyumbani, na Mama huwa anasema ndilo tendo jema pekee nililowahi kuitendea familia.

"Sasa sikiliza vizuri," Shangazi alisema. "Dumu la kushoto lina homoni ya mimea. La kulia ni maji matupu. Yote mawili nimetia sabuni kidogo na spiriti kidogo, kwa hiyo hata ukinusa hutajua. Mimi nitatoka nje. Wewe utafunga utepe mwekundu kwenye dumu moja na wa buluu kwenye lingine, uamue mwenyewe lipi liwe lipi, halafu uyabadilishe nafasi. Nikirudi nisijue. Baba yako asijue. Mama yako asijue. Wewe tu."

"Lakini Shangazi, wewe ndiye mtaalamu. Usipojua wewe, nani ajue?"

"Ndiyo maana sitakiwi kujua. Mimi ndiye nitakayehesabu maua. Mtu akijua mtoto wake ni yupi kwenye gwaride, atasema ndiye aliyepiga hatua vizuri."

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, na kazi yake ni kuitesa mimea. Hivyo ndivyo Baba anavyoieleza kwa wageni. Katika kituo cha utafiti ana chumba kidogo ambamo anaongeza joto mpaka miche ya nyanya inalegea, kisha anaangalia ipi inanyanyuka tena. Nilimwuliza homoni inafanya nini hasa, kama ni mbolea au ni dawa ya wadudu.

"Si chakula wala dawa. Ni habari," alisema. "Mmea hauna miguu ya kukimbilia kivulini. Joto likizidi, mitambo iliyo ndani ya jani inaanza kuvuja, na oksijeni, hii hii tunayovuta mimi na wewe, inapandwa na kichaa. Inauma kila inachogusa. Si unajua chuma kinavyoliwa na kutu?"

"Kwa hiyo jani linapata kutu?"

"Linapata kutu likiwa hai." Alilitamka kama anayelionea huruma. "Lakini jani lina watu wake wa zimamoto. Tatizo wanalala mpaka moshi uwafikie. Homoni inawaamsha mapema."

"Kengele ya bweni."

"Kengele ya bweni, ndiyo. Ila ukiipiga moto ukishaingia, unawaamsha watu waje waungue. Na ukiipiga kupita kiasi hakuna anayelala, hakuna anayesoma, hakuna anayekua. Kipimo na wakati, basi. Kazi yangu yote ya miaka ni hayo mawili."

Akaniambia pia jambo ambalo Baba hakuwa akilijua. Ndani ya vyungu, kwenye kile chumba cha joto, kengele yake ilifanya kazi. Lakini mkuu wa kituo alisema vyungu si shamba, na mkulima halimi ndani ya chumba. Alimpa msimu huu mmoja aonyeshe shambani. Akishindwa, meza yake na chumba chake wangepewa watu wa mahindi, na yeye angetafutiwa kiti mahali pa kusaini barua.

"Kwa hiyo usicheze, Kasheshe," alisema, akatoka nje na kuvuta mlango.

Sikucheza. Nilifunga utepe mwekundu kwenye dumu la homoni na wa buluu kwenye dumu la maji, nikayazungusha mara kadhaa mpaka nikachoka, nikafungua mlango. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kitu cha kuficha ambacho hakikuwa kosa.

Shamba lilikuwa la Baba, nyuma ya nyumba mpaka kwenye njia ya magari, safu baada ya safu za nyanya zilizosimamishwa kwa miti na kamba. Safu za homoni na safu za maji zilichanganywa kwa kura, tepe zikafungwa kwenye mti wa kwanza wa kila safu. Baba alimpa dada yake mkono kwamba kila safu itapulizwa rangi yake tu, mpaka mavuno, liwalo na liwe.

Alikuwa na sababu ya kukubali. Msimu uliotangulia joto lilikuja wakati nyanya zimechanua. Maua yalikauka kwenye vikonyo vyake na kuanguka bila kuacha tunda. Baba akachukua ufagio wa uani akaenda kuyafagia. Hakuna aliyemtuma, na maua shambani hayafagiwi. Alifagia safu moja, akahamia nyingine, amewapa mgongo watu wote, na Mama alituambia tumwache. Sikuwa na mzaha wowote wa siku ile. Niliutafuta, sikuupata.

Mahojiano yalianza jioni ile ile, mezani.

"Hivi, kwa mfano tu," Baba alisema, akimenya chungwa kwa utulivu wa mtu asiye na haja yoyote, "mtu akiwa na kiu kali pale bandani, angeokoka kwa kunywa dumu lipi?"

"Angekuja jikoni, Baba. Mtungi uko pale."

"Ni mgeni. Hajui jikoni."

"Basi angepiga hodi."

Mama akacheka ndani ya kikombe. Baba hakukata tamaa. "Nyekundu ni rangi ya hatari, sivyo? Hata barabarani."

"Ndiyo, Baba. Na ni rangi ya nyanya."

"Huyu mtoto shule inamharibu," alimwambia Mama.

"Shule gani? Hayo ni maneno yako mwenyewe, umerudishiwa," Mama alijibu. "Mwache ale."

Kila siku alikuja na mtego mpya. Mara anitazame ghafla ninapopita na bomba la kupulizia mgongoni aone kama ninainama zaidi kwa rangi fulani. Mara aseme amekwisha kujua, anataka tu kuthibitisha. Nilimkazia ule uso wa bwenini, mkavu, wenye huzuni kidogo, na alipoondoka nilijisikia kama benki iliyofungwa kwa kufuli.

Kisha safu nyekundu zikanuna.

Siwezi kulieleza kwa neno jingine. Safu za buluu zilikuwa zikirefuka kwa furaha, majani mapana, rangi ya kijani inayong'aa kama viatu vya siku ya wazazi. Zile nyekundu zilirudi nyuma. Majani yake yalikuwa madogo, mazito, ya kijani kilichokolea, mengine yamejikunja pembeni kama mtu aliyevuta shati kwa baridi. Mimi niliyeijua siri nilipata wasiwasi. Baba, ambaye hakuijua, hakupata wasiwasi hata kidogo. Yeye alipata uhakika.

Asubuhi huwa anapita shambani akizungumza na nyanya zake. Si mazungumzo makubwa: "Haya, mmeamkaje," na "We, simama vizuri." Nikaona anazisalimia za buluu na kuzipita zile nyekundu kimya, kama jirani mliyegombana naye. Na mimi nilikuwa nimefungwa mdomo. Nilitamani kumwambia, Baba, hizo unazozinunia ndizo zilizopigiwa kengele.

Habari ya joto ililetwa na redio. Mtangazaji alisema, kwa sauti ile ile anayotangazia matokeo ya mpira, kwamba joto kali linaingia na litakaa, wazee na watoto wakae ndani. Nyanya hazikutajwa. Shambani maua ya kwanza yalikuwa yamefunguka, manjano, mengi kuliko mwaka uliopita.

Shangazi alikuwa ametupigia simu jana yake. Hii ndiyo zamu ya kupuliza iliyokuwa na maana kuliko zote, alisema, ile ya kuwaamsha watu wa zimamoto kabla moto haujafika. Angekuja kesho yake mchana tuifanye pamoja, kila safu rangi yake.

Asubuhi hiyo nilimkuta Baba bandani, bomba liko chini, dumu lenye utepe wa buluu limeinamishwa kwenye mdomo wa bomba.

"Baba, si tunamngoja Shangazi?"

"Shangazi yako atakuta kazi imekwisha." Hakuinua kichwa. "Napuliza buluu shamba zima."

"Lakini mlipeana mkono."

"Tulipeana mkono kabla sijaona kwa macho yangu. Nenda kaangalie zile nyekundu. Zimedumaa. Lile dumu jekundu ni maji, au ni sumu, sijui, lakini buluu ndiyo inayozipa nguvu. Hata mtoto mdogo ataona. Sasa joto linakuja, unataka nisimame hapa nitazame nusu ya shamba ikifa makusudi, kwa sababu eti tunalinganisha? Mimi silimi kulinganisha, Kasheshe. Mimi nalima kula."

Nilitoka nje nikampigia Shangazi. Simu iliita mpaka ikakata. Nikajua yuko ndani ya chumba chake cha joto, ambako simu haziingii. Nikapiga tena, ikakata tena.

Basi nikafanya linalofanywa na mtu wa aina yangu. Baba alipoingia ndani kuvaa buti, nilifungua ile pua ndogo ya shaba kwenye mpini wa bomba, ambayo ndiyo inayotawanya maji yawe ukungu, nikaitia ndani ya soksi. Baba akarudi, akavaa bomba, akapampu, maji yakatoka kama ng'ombe anakojoa. Akalitazama bomba. Akanitazama mimi. Alikwenda nyuma ya banda akarudi na lile bomba la zamani, lenye kutu na waya, akaanza kuhamisha maji.

Wakati ule nilielewa kwamba ujanja umeniishia. Nikinyamaza, shamba zima linapata maji matupu na sabuni, na joto linakuja. Nikisema, jaribio la Shangazi limekufa, na meza yake pamoja nalo. Nilisimama pale mlangoni, pua ya shaba inanichoma kisiginoni, nikamkumbuka Baba na ufagio.

"Baba," nilisema, "nyekundu ndiyo homoni. Buluu ni maji."

Akaacha kumimina.

"Nilifunga tepe mwenyewe. Zile nyekundu hazijadumaa, zimejiandaa. Ukipuliza buluu hazitapata kitu. Nakuambia ukweli mtupu."

Baba alinitazama usoni. Nilikaza uso, nikauweka mzito kadiri nilivyoweza, kusudi aone kwamba si mzaha. Hilo lilikuwa kosa langu. Aliutambua uso ule. Ndio uso uliomfanya apake choo chokaa.

Akaanza kutabasamu taratibu, mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Ahaa! Leo nimekukamata, binti yangu. Siku zote umenyamaza, sasa umeona naingia kwenye jibu, unataka kunigeuza. Nyekundu, eh?" Akafunga kifuniko cha bomba. "Asante. Kama nilikuwa na shaka kidogo, umeiondoa."

"Baba, naapa!"

"Uliapa na mkaguzi wa vyoo."

Akaondoka na bomba lake la kutu, anapiga mluzi, akaanza na safu nyekundu kwa kuwa ndizo alizozionea huruma. Nilimfuata nikimwita mpaka sauti ikakauka. Kadiri nilivyosihi ndivyo alivyozidi kuamini kwamba amenishinda. Mama alitoka jikoni akasimama akitutazama, kitambaa cha vyombo mkononi, asijue amwonee huruma nani.

Shangazi alifika jua likiwa limesimama utosini. Alikuwa ameona simu zangu. Alishuka kwenye gari la kituo bado amevaa lile koti jeupe la maabara, akamkuta Baba katikati ya shamba, kwenye safu ya utepe mwekundu, bomba linadondosha maji.

"Mdogo wangu," alisema, "hiyo ni safu nyekundu. Na hilo bomba umejaza nini?"

"Dada, shikamoo. Usikasirike."

"Marahaba. Umejaza nini?"

Baba alisimulia. Alisema yote, bila kuficha, kwa sababu Baba hana tabia ya kuficha; ile ya nusu ya shamba kufa makusudi, ile ya kulima kula, ile ya safu zilizodumaa. Alipomaliza alisema kwa sauti ndogo zaidi, "Siwezi, Dada. Mwaka jana niliweza kwa sababu sikuwa na la kufanya. Mwaka huu kitu kipo ndani ya dumu pale, halafu niinyime nusu ya nyanya zangu? Moyo haukubali."

"Usiponyima nusu, hatutajua chochote."

"Wewe ndiye unayetaka kujua. Mimi nataka nyanya."

Hakumtukana, lakini Shangazi alirudi nyuma hatua moja kama aliyesukumwa. Kisha akanigeukia. Sijawahi kutazamwa vile. Mwalimu wa zamu anapokutazama anatafuta uongo. Yeye alikuwa anaomba asiupate ukweli.

"Kasheshe. Umemwambia?"

"Nimemwambia, Shangazi. Hakuamini."

"Nani angemwamini huyu?" Baba alisema. "Eti nyekundu."

Neno lilikuwa limekwisha kutoka, na Shangazi amelisikia. Alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua aliinama kwenye safu nyekundu, kitu ambacho tangu mwanzo alikuwa amejizuia kufanya isipokuwa wakati wa kuhesabu. Alichuma jani, akaenda safu ya pili akachuma la buluu, akayaweka yote mawili kwenye kiganja cha Baba.

"Bonyeza. Lipi nene?"

"Hili la nyekundu," Baba alisema.

"Lipi refu, laini, linalojionyesha?"

"La buluu."

"Mtu aliyeletewa habari kwamba hatari inakuja, utamkuta anacheka na kurefuka? Hili jani limeacha kukua kwa sababu limetumia nguvu zake kujenga ulinzi. Hili jingine halijaambiwa kitu. Linadhani kila siku ni leo." Alimkunjia vidole juu ya majani yale. "Mtoto wako amekuambia ukweli, mdogo wangu. Pengine mara ya kwanza, lakini amekuambia."

Baba alitazama kiganja chake. Nilimwona akizirudia kichwani safu zote alizozipita kimya asubuhi zile. Akavua bomba akaliweka chini kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Basi na turudi kwenye makubaliano," alisema. "Nyekundu kwa nyekundu. Maji hayakuziharibu, au vipi? Tuanze upya."

Ilikuwa inawezekana. Nilijua inawezekana, na Shangazi alijua zaidi yangu. Maji ya Baba hayakuwa yameondoa kitu. Angeweza kumwomba mtu mwingine wa kituo aje kuhesabu maua, mtu asiyejua, na jaribio lingesimama. Alikuwa anatazama safu za buluu, ndefu, zenye maua wazi, zisizojua lolote. Kisha akamtazama Baba aliyekuwa amekwisha kugeuza uso upande wa njia, tayari kuanza kutoziona zikifa.

"Una bomba jingine zima?" Shangazi aliuliza.

"Kasheshe kaiba pua yake."

Nilikaa chini nikavua kiatu na soksi mbele ya familia nzima. Hakuna aliyecheka.

"Haya. Nyekundu," Shangazi alisema. "Shamba zima."

"Dada..."

"Shamba zima, nimesema. Nina chupa ya akiba garini, itatosha. Mama yake, tuletee ndoo."

"Na lile la kulinganisha?"

"Limekwisha. Kilichobaki ni nyanya. Hukusema unataka nyanya?"

Alivua koti jeupe akalitundika kwenye mti wa safu ya kwanza. Tulingoja jua lishuke kidogo ili ukungu usikauke juu ya majani, kisha tukapuliza mpaka giza likawa linakaribia, Baba na bomba zima, mimi na lile la kutu, Shangazi akipima na kuchanganya, Mama akichota. Kila nilipopita karibu na Shangazi nilitafuta neno la kumwambia, na kila neno nililolipata lilikuwa la mzaha, nikalimeza.

Joto liliingia kama walivyosema. Siku za kwanza mbwa walihamia chini ya magari. Kitasa cha mlango wa banda hakikushikika bila kitambaa. Kuku walikaa wamefungua midomo na mabawa, na hewa ya shambani ilitetemeka juu ya safu mpaka ukidhani miti ya nyanya inacheza. Mchana majani yalilala. Jioni tulitoka sote, tukasimama bila kuambizana, tukiyatazama kama watu waliokaa nje ya wodi. Na kila jioni yalinyanyuka. Si yote. Mengine yalibaki na kingo za kahawia, na maua mengine yalianguka. Lakini ufagio ulibaki uani.

Joto lilipoondoka, tulikuta nyuma ya maua mengi vitufe vidogo vya kijani, vimekaza kama ngumi za watoto wachanga.

Siku ya mavuno Shangazi alikuja kwa miguu kutoka kituo cha basi. Gari la kituo halikuwa lake tena. Alikuwa amemwandikia mkuu wa kituo ukweli: kwamba jaribio halikukamilika, kwamba shamba zima lilipulizwa kwa amri yake mwenyewe. Hakuandika habari za Baba wala bomba. Mkuu alimjibu kwa adabu. Watu wa mahindi walikuwa wamekwisha kuingiza vyungu vyao.

Alifunga kitambaa kichwani, akachukua kreti, akachuma pamoja nasi. Baba alikuwa na furaha ya kelele, ile ya kuita wapita njia waje waone. Alishika nyanya kubwa akaipandisha juu. "Dada, si unaona? Dawa yako inafanya kazi! Kamwambie mkuu wako aje nimwonyeshe mwenyewe!"

"Sijui kama inafanya kazi," Shangazi alisema.

"Hujui vipi na kreti zimejaa?"

"Labda ni homoni. Labda mbegu ya mwaka huu ni ngumu zaidi. Labda ulimwagilia vizuri, labda joto halikufika kiwango cha mwaka jana. Hakuna safu hata moja iliyokosa, ya kuniambia ingekuwaje."

"Shamba la jirani yangu pale limeungua lote. Si kipimo hicho?"

"Mbegu nyingine, udongo mwingine, mkono mwingine. Mkuu angenicheka, na angekuwa na haki." Aliweka nyanya kwenye kreti bila kuitupa. "Na zile zilizopata mara nyingi zimezaa sawa tu na zilizopata mara moja. Au karibu sawa. Hilo nalo ni swali, lakini si swali waliloniuliza. Sijui, mdogo wangu. Nadhani tu. Kudhani nilikuwa nadhani hata kabla sijaja kwako."

Baba aliishusha ile nyanya. Nadhani hapo ndipo alipoelewa alichopewa, na kimetoka wapi. Aliifuta kwa shati, akaitazama, akaiweka juu ya nyingine. Akaendelea kuchuma upande wake mpaka mwisho wa safu, akarudi.

"Msimu ujao," alisema, "chukua zile safu za karibu na njia. Zote. Zisipulizwe kitu, maji tu. Zikifa zife."

"Msimu ujao sina kituo. Nasaini barua."

"Shamba unalo. Jumapili hausaini."

Shangazi alicheka kidogo, ikamshangaza mwenyewe. "Na maua yakianza kuanguka? Utaweza kuyatazama? Maana mwaka huu moyo haukukubali."

Baba alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayepima uzito wa kitu kabla ya kukinyanyua.

"Hapana," alisema. "Sitaweza. Nitakuwa napita njia ya nyuma."